Mteja wa DM amalizie wapi: Instagram, WhatsApp Business au mfumo wa kulipia?

Duka letu la mashuka pale Kariakoo hufungwa jioni, lakini wateja wa kwenye simu huanza kuuliza hasa baada ya saa mbili usiku, wakishakula na watoto wakishalala. Dada yangu ndiye mwenye duka. Kazi yangu ni kujibu ujumbe, kupokea oda na kuhakikisha mzigo umekabidhiwa kwa bodaboda au umepakiwa kwenye basi la mkoani. Kwa muda mrefu tumebishana kama mteja aliyeandika kwenye DM ya Instagram, yaani ujumbe wa faragha, amalizwe hukohuko au apewe namba ahamie WhatsApp, na ubishi huo uliongezeka siku alipokuja kijana mmoja kutuuzia mfumo wa kulipia (yaani unaolipiwa ada, siyo wa kupokelea malipo) ambao, kwa maelezo yake, ungejibu wateja wote sisi tukiwa tumelala. Ulinganisho huu unahusu njia hizo tatu, na umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeuza bidhaa za kawaida kwa picha, anayepokea pesa kwa simu, na ambaye hana idara ya mauzo zaidi ya yeye mwenyewe na pengine ndugu mmoja.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Mteja aliyekwisha kuamua kununua asihamishwe kutoka pale alipo, hata kama pale alipo pana upungufu. Anayesitasita, anayenunua mara kwa mara na anayenunua kwa jumla ndio wa kuhamishiwa WhatsApp Business. Na mfumo wa kulipia usubiri mpaka mikono ya kujibu iwe imezidiwa kweli, siyo mpaka tuchoke usiku mmoja wa mwisho wa mwezi.

Jibu kwanza, jukwaa baadaye

Hakuna programu inayouza jibu baya, kwa hiyo ni lazima hili litazamwe kwanza, tena kwa karibu. Mazungumzo haya yalitokea kwetu, nami nimeyanyoosha kidogo tu:

"Habari dada, lile shuka la kijani bado lipo?"
"Nzuri mpenzi, lipo."
"Sawa."

Yakaishia hapo. (Wateja huniita dada kwa sababu picha ya akaunti ni ya dada yangu, nami sijawahi kumsahihisha mtu.) Neno "sawa" katika biashara ya simu lina maana nyingi, na mojawapo ni kwaheri. Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini lilimwachia mteja kazi yote: aulize bei, aulize ukubwa, aulize foronya ni ngapi, aulize usafiri, kisha aulize namba ya kulipia. Kila swali alilobakiwa nalo ni mahali ambapo mtoto anaweza kulia, umeme ukakatika, au duka lingine likaonyesha picha nzuri zaidi, naye asirudi tena.

Jibu tunalolitumia sasa ni hili: "Nzuri mpenzi, za kwako? Lipo. Ni la futi sita kwa sita, shuka mbili na foronya nne, 45,000. Uko wapi nikuangalizie nauli ya bodaboda?" Salamu haikurukwa, kwa sababu mtu anayejibiwa bei bila salamu huona amejibiwa na mashine au na mtu mwenye kiburi. Maswali matatu yamekwisha jibiwa kabla hayajaulizwa. Kisha ujumbe umeishia kwa swali jepesi ambalo halimlazimishi mteja kusema kama ananunua au hanunui, ila akijibu tu "Niko Tabata," basi ameshaanza kununua, kwa kuwa mazungumzo yamehama kutoka kwenye kama anataka hadi kwenye jinsi ya kumfikishia.

Nimeliweka hili mwanzo kwa sababu wafanyabiashara wengi hubadilisha jukwaa pale wanapopaswa kubadilisha jibu. Msomaji ambaye bado anajibu "lipo" na kunyamaza, asihangaike na sehemu zinazofuata. Arekebishe hilo kwa wiki mbili kisha arudi.

DM ya Instagram

Ubora mkubwa wa kumalizia Instagram ni kwamba mteja yuko hapo tayari, na picha iliyomvutia iko mbele ya macho yake. Anapojibu stori, picha ya stori huambatana na ujumbe wake, hivyo muuzaji hahitaji kuuliza "lipi hilo?" Hilo linaonekana dogo mpaka umewahi kuuza mashuka yenye maua kumi na mawili yanayofanana, na mteja anakuandikia "lile lenye maua". Mtu anayenunua kwa hisia ya dakika ile, aliyeona, akapenda na ana pesa kwenye simu, huyu anafaa kumaliziwa hapohapo. Kumwambia "tafadhali njoo WhatsApp kwa namba hii" ni sawa na kumwambia mtu aliyesimama kaunta na noti mkononi atoke nje, azunguke nyuma ya jengo na aingie kwa mlango mwingine. Wapo watakaozunguka, na wapo ambao hewa ya nje itawakumbusha kwamba kodi ya nyumba bado haijalipwa.

Akaunti ya kibiashara ya Instagram, ambayo haina gharama, huruhusu kuhifadhi majibu yanayorudiwarudiwa na kuyaita kwa neno fupi. Ujumbe wenye bei iliyokosewa unaweza kurekebishwa ndani ya dakika 15 tangu utumwe. Kwa kutumia Meta Business Suite, programu ya Meta, kampuni inayomiliki Instagram, msaidizi anaweza kupewa ruhusa ya kujibu ujumbe bila kupewa nywila ya akaunti, jambo ambalo ningelisisitizia kila mwenye duka, kwani nywila iliyopita mikononi mwa wasaidizi watatu ambao wawili wameshaacha kazi si nywila tena. Vilevile kipo kiungo kifupi kinachoanza na ig.me/m/ kikifuatiwa na jina la akaunti, ambacho humfungulia mtu mazungumzo moja kwa moja. Kinafaa kubandikwa kwenye TikTok au Facebook.

Upungufu wake mkubwa ni folda ya maombi ya ujumbe. Ujumbe wa watu ambao hujawahi kuzungumza nao unaweza kuangukia huko, na muuzaji asiyeifungua kila siku ana wateja waliokaa barazani tangu juzi bila kukaribishwa. Jambo hilo lina upande wa pili ambao wengi hawaufikirii: muuzaji anapoanza yeye kumwandikia mtu asiyemfuata, ujumbe wake nao huangukia kwenye maombi ya mtu huyo. Ndiyo maana mtindo wa kuona mtu ameuliza bei kwenye maoni, kisha kumjibu "tumekutumia DM", hushindwa kimyakimya. Ujumbe umetumwa kweli, lakini umelala mahali ambapo mwenyewe hatazami.

Hapa ni lazima niseme neno kuhusu "bei njoo DM". Wapo wanaoamini kwamba kuficha bei humleta mteja kwenye mazungumzo, na kwamba akishafika huko atashawishika. Mimi naona kwa bidhaa ya bei inayojulikana ni kujipunguzia wateja, kwa sababu wanaokuja DM kuuliza bei tu hukujazia foleni na kumchelewesha yule aliyekuja na nia ya kulipa, ilhali wengine hawaji kabisa kwa kudhani kwamba bei iliyofichwa ni bei kubwa. Hoja ya wanaoficha kwamba washindani wataiona bei haina uzito Kariakoo, ambako jirani akitaka kujua bei yako humtuma kijana wake aje kujifanya mteja. Sisi tunaandika bei ya rejareja waziwazi chini ya picha, na bei ya jumla ndiyo tunayoizungumza faraghani, kwa sababu hiyo hutegemea idadi na hata dada yangu mwenyewe hubadilisha mawazo katikati ya mazungumzo.

Upungufu mwingine wa Instagram hujitokeza baada ya mauzo. Mteja aliyenunua Machi akitaka tena Septemba ataanza kutafuta jina la akaunti ambalo hakulikariri, na katika kutafuta atakutana na maduka mengine sita yenye majina yanayoishia na "collection". Tena akaunti ikidukuliwa au ikifungwa, wateja wote huondoka nayo, kwa kuwa muuzaji hakuwa na namba zao. Alikuwa na majina ya utani na picha za maua.

WhatsApp Business

Programu hii ilizinduliwa mwaka 2018 na ni ya bure. Wapo wanaodhani kwamba tofauti yake na WhatsApp ya kawaida ni nembo tu, lakini kwa muuzaji tofauti ni kubwa, na sehemu ninayoiona ya maana kuliko zote ndiyo isiyozungumzwa sana: lebo.

Lebo ni rangi na jina unavyobandika kwenye mazungumzo. Programu huja na zake za kuanzia, za mteja mpya, oda mpya, malipo yanayosubiriwa, aliyekwisha lipa na oda iliyokamilika, na muuzaji anaweza kuziongeza mpaka zifike 20. Kila usiku kabla ya kulala mimi hufungua lebo moja tu, ile ya malipo yanayosubiriwa, na hapo naona orodha ya watu waliosema "nitalipa kesho" ambao kesho yao ilikuwa juzi. Kwenye Instagram watu hao wangekuwa wamezama chini ya ujumbe mwingine mia, nami ningewategemea wanikumbuke wao. Mauzo mengi yanayopatikana WhatsApp na kukosekana Instagram, kwa uzoefu wetu, hayatokani na ushawishi wowote. Yanatokana na kutomsahau mtu aliyekwisha sema ndiyo.

Katalogi nayo hubeba hadi bidhaa 500 zenye picha, bei na maelezo, na mteja anaweza kuchagua kadhaa na kuzituma kama oda moja. Kwa mwenye bidhaa zinazodumu dukani, kama sufuria, katalogi ni nzuri sana. Kwa mwenye mzigo unaobadilika kila wiki, katalogi isiyosafishwa huwa chanzo cha aibu, kwani mteja huagiza shuka lililokwisha miezi miwili iliyopita, na hakuna neno tamu linalofuta "samahani, hilo limeisha". Sisi tunaweka humo zile rangi tano zisizokatika, basi.

Majibu ya haraka huitwa kwa kuandika mkwaju na neno fupi, na yanaweza kufika 50, ingawa sijamwona mtu anayehitaji zaidi ya kumi. Simu moja ya duka inaweza kuunganishwa na vifaa vingine vinne, hivyo dada yangu hujibu kwenye kompyuta ya dukani nami nikajibu nyumbani kwa namba ileile, mradi simu yenyewe isikae bila kutumika kwa zaidi ya siku 14, kwa maana ikifika hapo vifaa vingine hujiondoa vyenyewe.

Kuna kiungo ambacho hupunguza sana gharama ya kumhamisha mteja. Ukiandika wa.me/ ikifuatiwa na namba yako kwa mtindo wa kimataifa, yaani 255 kwa Tanzania au 254 kwa Kenya, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo, mteja akikigusa huingia moja kwa moja kwenye mazungumzo nawe bila kuhifadhi namba. Unaweza hata kumwekea maneno ya kuanzia, kwa mfano "Habari, nimeona shuka la kijani Instagram", ili abonyeze kutuma tu. Tofauti kati ya kiungo hiki na kumwandikia mtu tarakimu kumi azinakili, azihifadhi, afunge programu moja na afungue nyingine, ni tofauti kati ya kumwonyesha mlango na kumwelekeza njia kwa maneno.

Upungufu wa WhatsApp ni kwamba ni nyumba ya watu. Hapo ndipo mtu anapozungumza na mama yake, na kikundi cha harusi, na mwalimu wa mtoto, kwa hiyo muuzaji anayeingia hapo huvumiliwa akiwa na adabu, na hufungiwa haraka akizidisha. Orodha ya matangazo hubeba watu 256, lakini ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako, na huo ni ulinzi mzuri kwa wateja. Wauzaji wengine hujaribu kuukwepa kwa kuwaunganisha wateja kwenye kikundi bila kuwauliza, jambo ambalo humwonyesha kila mteja namba za wenzake na huishia kwa "Fulani ametoka" mara thelathini. Wateja wakilalamika kwa wingi na kuripoti, namba yenyewe inaweza kufungiwa na WhatsApp, na namba ya duka iliyoandikwa kwenye mifuko, kadi na kibao cha mlangoni haibadilishwi kirahisi.

Wapo pia wateja, hasa wanawake, wasiopenda namba zao ziwe kwa mtu wasiyemjua, na wana sababu zao. Akisema "naomba tumalizie hapahapa," jibu ni "sawa kabisa", tena bila alama ya kuuliza.

Mfumo wa kulipia

Kijana aliyekuja dukani alikuwa akiuza huduma iliyojengwa juu ya mfumo wa WhatsApp wa makampuni, ambao nao ulianza mwaka 2018. Huu si programu ya kupakua. Ni njia ya kuunganisha namba ya biashara na kompyuta za mtoa huduma, ili wafanyakazi wengi wajibu kwa pamoja, roboti lijibu maswali ya kawaida, na oda ziingie kwenye hesabu moja kwa moja. Kwa benki, shirika la mabasi au duka lenye matawi, ni kitu cha maana.

Kanuni zake zinahitaji kufahamika kabla ya kusaini chochote. Mteja akikuandikia, unakuwa na saa 24 za kumjibu kwa uhuru, zinazoanza upya kila anapoandika. Zikipita, huwezi kumwandikia ila kwa kiolezo, yaani ujumbe uliotungwa mapema na kuidhinishwa na WhatsApp, na tangu Julai 2025 kila kiolezo cha tangazo kinachofika hulipiwa, mbali na ada ya mtoa huduma. Kwa hiyo mteja aliyesema "nitakujibu mwisho wa mwezi" hawezi kukumbushwa kwa maneno yako ya kawaida. Atakumbushwa kwa kiolezo, na kiolezo kinanuka kiolezo. Uliza pia, na jibu liwe la maandishi, kama namba yako ya sasa itaendelea kufanya kazi kwenye programu uliyoizoea baada ya kuunganishwa.

Lakini kilichotufanya tukatae hakikuwa gharama. Dada yangu aliomba kulijaribu roboti hilo kwa simu yake mwenyewe, akaandika kama mteja wetu wa kawaida anavyoandika: "mwisho ngapi?" Roboti likamjibu kwa kumshukuru kwa kuwasiliana nasi na kumtaka abonyeze 1 kupata bei, 2 kupata mahali tulipo, 3 kuzungumza na mhudumu. Akaandika "nipunguzie nachukua mawili". Likamshukuru tena. Kijana alicheka, nasi tukacheka, lakini jambo lilikuwa zito: katika biashara yetu kupatana bei ndiyo mauzo yenyewe. Mteja anayesema "mwisho ngapi" hajauliza swali la taarifa. Ameanza mazoezi ya heshima ambayo mwishoni mwake atapunguziwa elfu mbili, ataona amesikilizwa, na atalipa. Penye bei isiyopunguzwa, kama tiketi, au penye maswali yanayofanana siku nzima, kama saa za kufungua, roboti linaokoa muda. Penye patano, linafukuza.

Kwenye programu ya bure upo ujumbe wa kukaribisha na ujumbe wa kutokuwepo, na huo unatosha kwa usiku, mradi uandikwe kama mtu anavyosema. Wetu unasema: "Asante kwa kutuandikia. Sasa tumelala, tutakujibu saa mbili asubuhi. Ukituachia rangi na ukubwa unaoutaka, utakuta bei na nauli tayari." Wateja wengi huacha rangi na ukubwa.

Penye pesa

Njia zote tatu hukutana kwenye kizingiti kimoja, nacho ni hofu ya kutuma pesa. Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyeujua ujumbe wa matapeli usemao "ile hela tuma kwenye namba hii", na muuzaji anayemtumia mteja mpya namba ya kawaida yenye jina lisilofanana na la duka anajipanga kwenye foleni moja na hao. Lipa Namba, ambayo huonyesha jina la biashara kabla mteja hajaweka namba yake ya siri, hupunguza hofu hiyo kuliko sentensi yoyote ya kuaminisha. Kwa wenzetu wa Kenya kazi hiyo hufanywa na namba ya till ya Lipa na M-Pesa, na kwa mwenye biashara ndogo zaidi, Pochi la Biashara. Jina la akaunti ya Instagram, jina la WhatsApp Business na jina linalojitokeza wakati wa kulipa vikifanana, mteja hana la kuuliza. Vikitofautiana, mweleze mapema: "Litatokea jina la Fulani, ndilo jina la mmiliki." Asilikute mwenyewe.

Namba ya kulipia tuma peke yake, katika ujumbe wake, bila neno lingine. Sababu ni ya mikono tu: mtu akibonyeza ujumbe kwa muda ili anakili, hunakili ujumbe wote, na kama namba imefungwa katikati ya sentensi ndefu yenye shukrani na emoji, italazimika aikariri na kuiandika, akikosea tarakimu moja pesa inakwenda kwingine. Hili linahusu Instagram na WhatsApp sawasawa, na linachukua sekunde mbili kulirekebisha.

Kuhusu nani alipe lini, kwa Dar es Salaam tunakubali mteja mpya alipe mzigo ukifika, akitanguliza nauli ya bodaboda tu. Nauli hiyo huchuja wenye mzaha bila kumtisha mwenye nia. Kwa mikoani hulipwa kwanza, kisha tunatuma picha ya mzigo uliofungwa, risiti ya basi na namba ya ofisi ya basi. Hapa WhatsApp inashinda Instagram waziwazi, kwa sababu mteja wa Mbeya anayengoja basi usiku hutaka kupiga simu asikie sauti, na namba anayo tayari. Upande wetu nasi tuna kanuni moja: skrinishoti ya muamala si malipo, hata ikitoka kwa mteja wa miaka mitatu, malipo ni salio lililoongezeka kwenye simu ya duka. Tuliwahi kutoa mashuka manne kwa ujumbe wa kughushi, siku ya Ijumaa yenye foleni, na hatukumwona tena mwenye nayo.

Kumfuatilia aliyenyamaza

Kwenye Instagram kufuatilia huonekana kwepesi, kwa kuwa unaweza kumtumia picha mpya ya bidhaa aliyoiulizia na akaipokea kama habari, siyo kama deni. Kwenye WhatsApp kufuatilia kuna uhakika zaidi lakini kunaumiza zaidi kukizidi. Sisi tumejiwekea mara moja baada ya siku mbili, mara moja mzigo mpya ukija, kisha tunamwacha. Ujumbe wa kufuatilia usiulize "vipi mpenzi, bado?", kwa sababu jibu rahisi la swali hilo ni kimya. Useme jambo jipya: rangi imebaki moja, au kuna gari la Moshi linaondoka kesho asubuhi na nafasi ya kutuma ipo.

Tukumbuke pia kwamba namba ya mteja ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019; zote zinampa mtu haki ya kukataa kutumiwa matangazo. Kwa duka dogo maana yake ni nyepesi: omba ruhusa mara moja, "Tukipata rangi mpya tukujulishe?", na anayesema hapana apewe lebo yake ili msaidizi mwingine asimwandikie kwa kutojua. Orodha ya namba iliyonunuliwa kwa mtu ni hasara ya pande zote mbili, ya kisheria na ya kibiashara.

Nani achague nini

Anayeuza kipande kimoja kimoja kwa watu wanaonunua kwa kuvutiwa, kama hereni, magauni ya mtumba yaliyochaguliwa au keki za kuagiza wiki hii, abaki DM ya Instagram, aandike bei, afungue folda ya maombi asubuhi na jioni, na amalizie hapohapo. Anayeuza kitu ambacho mteja huyohuyo atakihitaji tena, kama mashuka, nepi, mafuta ya nywele au unga wa lishe, aanzie Instagram lakini ahakikishe kwamba baada ya mauzo ya kwanza, siyo kabla, mteja amepewa kiungo cha WhatsApp kwa sababu inayomfaa mteja mwenyewe: "Nikutumie hapa namba ya basi na risiti." Akishapokea risiti yake hapo, amehama bila kusukumwa. Muuzaji wa jumla asipoteze muda na Instagram zaidi ya kuonyesha mzigo; mazungumzo yake ni ya WhatsApp na, yakifika kwenye marobota, ni ya kupigiana simu.

Mwenye wateja walioko nje, kwa mfano mtu aliye Muscat anayemnunulia mama yake Tanga, atumie WhatsApp tangu mwanzo, kwani hapo kuna watu watatu katika oda moja: anayelipa, anayepokea na anayepeleka. Kumtumia anayelipa picha ya mama akiwa na mzigo wake, mama mwenyewe akiridhia, kumetuletea oda za pili bila sisi kuomba.

Mfumo wa kulipia ni wa yule ambaye tayari ana watu wawili wanaojibu mchana kutwa kwa WhatsApp Business yenye lebo zilizopangwa, na bado kuna ujumbe unaolala bila jibu mpaka kesho yake. Kama lebo hazijapangwa, mfumo utarithi vurugu ileile kwa malipo ya kila mwezi. Dada yangu amemwambia yule kijana arudi mwakani, akija na roboti linalojua kupatana.